Ng'ombe Waliingilia Handeni, Wakatokea Korogwe

Sisi tunaliita ziwa. Mtu wa Mwanza akija akaliona atacheka mpaka akae chini, maana yeye kazoea maji yasiyo na ng'ambo. Letu ng'ambo yake inaonekana, na upepo ukiwa mzuri unamsikia mtu wa ng'ambo anavyogombana na mkewe. Masika mto unafurika, ziwa linajaa mpaka linaramba mashamba. Kiangazi linanywea, ukiingia maji yanakufika magotini. Mamba wako mtoni, huku kwetu hawakai, hawana pa kujificha. Nasikia lile la Mwanza limegawanywa na nchi tatu. Letu limegawanywa na wenyeviti wa vijiji wawili, na nadhani zile nchi tatu zinaelewana zaidi.

Ukisimama ukaelekeza uso milimani, kule juu Lutindi kwenye misheni ya zamani, basi mbele yako ni Korogwe na mgongoni kwako ni Handeni. Mpaka wa wilaya unapita majini. Hakuna aliyewahi kuuona. Mwaka mmoja mbuzi alizama upande wa Korogwe, upepo ukamsukuma akaenda kuelea Handeni. Mwenyekiti wa huku kwetu Korogwe akasema mbuzi kafia kwenu, mzikeni. Wa kule akasema kafia kwenu, kaja huku akiwa maiti. Walibishana mpaka mbuzi akaanza kunuka, na mwishowe waliomfukia ni sisi wanawake, maana ndio tunaochota maji.

Majina ya mahali nitayataja, ya watu hapana. Sijayasahau. Nayakumbuka yote, hata ya mbwa wao. Lakini waliokufa wana wenyewe, na walio hai wanajua kwangu ni wapi, wanaweza kuja kunigombeza.

Mimi ni Mzigua wa Kwamsisi. Niliolewa nikaletwa huku nyuma ya baiskeli ya mume wangu, mkeka nimeukumbatia, sufuria imefungwa kwenye usukani inalia njia nzima kama ngoma ya wehu. Mama mkwe wangu yeye alikuwa Msambaa, aliteremka kutoka milimani enzi za ubinti wake kuolewa na Mzigua wa bondeni, na hakuacha kutukumbusha kwamba kwao kuna baridi na ndizi nzuri. Asubuhi ya kwanza alinichukua akanizungusha ziwa zima. Aliniambia, "Huku kwetu mkamwana hafundishwi jiko kwanza. Jiko utalijua tu, njaa itakufundisha. Unafundishwa maji."

Basi akanifundisha. Kwemkuyu, pa kuchotea, maji yanatulia kwa sababu ya mizizi. Kwembogo, usikanyage kabisa, tope lake lilimeza nyati. Halafu tukafika mahali ufuko umelala, mchanga umepondwapondwa na kwato. "Hapa ni Kwandama," akasema. "Usichote hapa, usifue, wala usije ukalima siku ukipata tamaa. Hapa ni mlango wa wenzetu."

Wenzetu ni wafugaji. Wana maboma yao kwenye nyika kavu ya upande wa Handeni, na kiangazi hawana maji mengine ila haya. Pale pale Kwandama ndipo nilipokutana na rafiki yangu. Alikuwa mwali kama mimi, shanga mpaka masikioni, kibuyu cha maziwa mkononi. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kimaasai. Alisema, "Takwenya," nikanyamaza kama jiwe. Mama mkwe akanifinya. "Jibu *ikoo*, wewe! Unasalimiwa." Nikajibu. Yule binti akacheka, akanipa maziwa, nami nikampa mahindi ya kuchoma niliyokuwa nayo kwenye pindo la kanga. Tangu siku hiyo hatukuachana. Yeye ananiita Mama Samaki, mimi namwita Mama Maziwa. Wajukuu zetu wanadhani hayo ndiyo majina tuliyozaliwa nayo.

Sasa nieleze kuamsha ziwa, maana hii habari yote inakaa hapo.

Kiangazi kikikolea, samaki wanajichimbia kwenye tope. Kambale hasa. Unaweza kuvua kwa ndoana mchana kutwa ukarudi na kichwa kinauma tu. Lakini ng'ombe wakiingizwa kundi zima, wakalivuruga tope kwa kwato, samaki wanakosa hewa, wanapanda juu midomo wazi. Hapo nyuma ya ng'ombe wanafuata wanawake, kila mmoja na tenga lake lisilo na kitako. Unalikita juu ya samaki, unaingiza mkono kwa juu, unamtoa. Ukiwa mjinga unashika mapezi, miiba inakuchoma, unalia mbele ya wakwe. Ng'ombe wanalala wameshiba maji, watu wanalala wameshiba samaki, na matete yaliyoanza kuziba ziwa yanakuwa yamekanyagwa yote. Mfugaji hali samaki, kwake ni nyoka tu. Malipo yake ni mabua: mahindi yakishavunwa, anaingiza mifugo mashambani kwetu bila kuuliza.

Mama Maziwa alikuwa akisimama ufukoni kunitania. "Mama Samaki, huyo nyoka ana masharubu! Mnakula mzee mwenye masharubu?"

"Na wewe unayekunywa damu ya ng'ombe mzima? Bora mimi wangu kafa kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyokaa. Halafu mambo yakaharibika, wala sitamtafuta mchawi. Zikaja nyavu, ziwa likavuliwa usiku na mchana. Vijana wakaanza kulima nyanya na mpunga karibu na maji, ng'ombe wakala nyanya, watu wakapiga ng'ombe, watu wakapiga watu. Wafugaji wakawa wananywesha haraka pembeni na kuondoka kama wezi. Ziwa halikuamshwa tena. Matete yakakua, samaki wakapungua, na kila upande ukasema kosa ni la mwingine. Wenye mashamba wakasema ng'ombe wameua ziwa, na ukweli ni kwamba hao ng'ombe walikuwa hawajaingia majini miaka mingi.

Ndipo ukaja mpango wa matumizi ya ardhi, na kwa kuwa ziwa ni moja, vijiji viwili vikaunganishwa katika mpango mmoja. Wataalamu walikuwa vijana wastaarabu, wanaamkia kila mtu. Walituambia tuchore wenyewe, chini, uwanjani. Tukachora kwa majivu barabara, magunzi yakawa nyumba, mawe yakawa milima. Wakauliza ziwa tutaliweka nini. Nikavua kanga yangu ya juu, ya bluu, nikaitandaza pale kati. Watu wakapiga makofi.

Hawakupiga makofi kwa lililofuata. Jirani yangu mmoja, mkulima wa nyanya, mtu mzuri tu, baba wa watoto wengi, akachukua fimbo akachora mstari kuzunguka kanga yangu yote. "Mashamba," akasema. "Pande zote. Njia ya ng'ombe ifungwe. Waende kwenye lambo la kule mbali." Wengi wakaitikia. Fimbo yake ilipita juu ya Kwandama kama vile hapajawahi kuwa na kitu.

Wataalamu wakasema sawa, hayo ni mapendekezo, mkutano mkuu wa pamoja utaamua kwa mikono. Tukapewa muda wa kufikiri.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Maziwa. Nilimkuta amekaa mlangoni, ngozi amekalia, hafanyi kitu. Huyo si mtu wa kutofanya kitu.

"Watoto wangu wamesema wakifunga, tunahama," akaniambia. "Lambo lile lina chumvi, ndama hawaendi. Tutakwenda mbali, huko wanakokwenda wengine." Halafu akaonyesha kwa kidevu upande mume wake alikozikwa. "Mimi nitamwachia nani huyu? Na nitakwenda kufia kwa watu nisiowajua, anisalimie nani?"

Nilirudi nyumbani nikapika ugali nikaunguza. Huyu mwanamke amekaa na mimi kwenye misiba yangu yote. Mume wangu alipofariki alinyoa kichwa, akaja kulala kwangu mpaka watu wa dini wakaniuliza huyu naye ni ndugu? Nikasema ndiyo, wa tumbo moja. Na sasa mkutano ungenyoosha mikono, nami ningebaki na kanga ya bluu.

Kuhutubia mimi sijui. Nilisoma darasa la nne tu, na nikisimama mkutanoni vijana wanasema "bibi apewe kiti", maana yake nyamaza. Lakini nikawaza: hawa wanaotaka kufunga hawajawahi kuona ziwa likiamshwa. Wangeijua wapi faida ya ng'ombe? Waonyeshwe basi.

Nikaanza na wanawake wenzangu Kwemkuyu, ndoo chini. Wazee walikumbuka, macho yakawang'aa. Wadogo wakacheka.

"Bibi, hao ng'ombe watatuletea samaki au kinyesi?"

"Vyote viwili," nikamjibu, "na wewe utachagua utakachokula."

Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa mke wa mkulima wa nyanya. Kisha akanifuata pembeni. "Bibi, tenga linasukwaje?" Nikajua tumeanza vizuri.

Ikabaki ruhusa. Nilipanda bodaboda kwenda kwa mwenyekiti wa Korogwe. "Shikamoo bibi," akanipa kiti, akanipa soda, akanisikiliza. Kisha akakuna kichwa. "Bibi yangu, nikiruhusu ng'ombe waingie ziwani, wakulima watanila. Siruhusu. Lakini wakiingilia Handeni, huko mimi sina mamlaka."

Nikazunguka mpaka kwa mwenyekiti wa Handeni. Shikamoo nyingine, soda nyingine. "Mama yangu, wafugaji wengi ni wapiga kura wangu, wakulima nao ni wangu. Siwezi kusema ndiyo. Sema tu kuingia si hoja, ng'ombe wanaingia kila siku kunywa. Hoja ni kutokea kwenye mashamba. Sasa wakitokea Korogwe, mimi nitakuwa nimeona nini?"

Nilirudi nikicheka peke yangu mpaka kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki kuniuliza kama naumwa. Wenyeviti wawili, kila mmoja kanikatalia, na kwa kukatalia kwao wamenipa njia nzima! Waingilie Handeni, watokee Korogwe. Ndiyo njia ile ile ya zamani, ya Kwandama, wakapande ufuko wa pili.

Siku yenyewe, kiangazi kimekolea, watu walijaa pande zote mbili. Walikuja Wazigua na Wasambaa wa bondeni, akaja hata Mpare mwenye duka akafunga duka. Watu wa Makuyuni walikuja kutazama, wengine wamesimama juu ya viti vya pikipiki. Matenga yalikuwa mengi, mengine yamesukwa vibaya hata kuku angepita. Wenyeviti wote wawili walikuwepo, kila mmoja upande wake, wanatazama angani kama watu wanaosubiri ndege.

Vijana wa Mama Maziwa wakaleta kundi. Vumbi, kengele, filimbi za midomo. Wakafika Kwandama. Na ng'ombe wakagoma.

Kweli, sikuwa nimeliwaza hilo. Ng'ombe walioamsha ziwa walikwishaliwa zamani, wajukuu wao hawajui kina. Waliyaona yale matete yanatikisika, wakasimama na kunusa. Wakapigwa, wakazunguka. Fahali mmoja akageuka akarudi zake nyumbani. Kicheko kikaanza ng'ambo, kikaja kikavuka maji.

"Bibi! Waulize kama wanataka kitambulisho cha Korogwe!"

"Warudisheni, wanaogopa kambale!"

Mkulima wa nyanya hakucheka. Alisema kwa sauti, bila ubaya, "Mnaona? Hata wenyewe ng'ombe hawalitaki ziwa." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona mkutano umekwisha kabla haujaitishwa. Nikamtafuta Mama Maziwa kwa macho, nikadhani nitamwona analia.

Hakuwa analia. Alikuwa anavua viatu vyake vya tairi. Akaviweka sambamba, vizuri, kama mtu anayeingia msikitini. Akapita katikati ya ng'ombe, akawanyang'anya vijana wake fimbo. "Ng'ombe hapigwi kuingia kwenye maji," aliwaambia, na kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie. "Anaitwa." Akaingia majini.

Mwanamke wa umri ule! Nikamfuata, ningefanya nini? Nikapandisha kanga, nikamshika mkono, tope likatushika miguu. Tukasonga mpaka maji yakatufika magotini. Hapo akageuka akawatazama ng'ombe, akaanza kuimba. Anapokamua huimba hivyo hivyo, nimemsikia maisha yangu yote asubuhi. Wimbo mwembamba, wa kumtaja ng'ombe mmoja mmoja kwa jina na rangi yake na mama yake. Wanawake wa maboma ufukoni wakauitikia.

Kulikuwa na ng'ombe jike mweusi mwenye doa jeupe kifuani, kengele shingoni. Aliposikia akitajwa aliinua masikio. Aliweka kwato moja, akaitoa. Akaweka tena. Kisha akaja moja kwa moja, matete yanavunjika mbele yake pwa, pwa, pwa, na nyuma yake, Mungu ni mkubwa, kundi zima likamwagika.

Sijui nisimulie vipi. Ziwa lilichemka. Maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wanakoroma, vijana wanapiga mbinja, matete yanalala chini kama nyasi. Sisi vikongwe wawili tukavutwa pembeni, tusije tukakanyagwa. Na kabla kundi halijafika kati, nyuma yake midomo ikaanza kujitokeza. Mmoja hapa. Wawili pale. Halafu midomo tupu, ziwa zima linapiga miayo.

"Ingieni!" nikapiga kelele. "Mnangoja nini? Mkaribishwe kwa kadi?"

Wanawake waliingia wote kwa mkupuo, na vigelegele. Mke wa mkulima wa nyanya alikuwa mbele. Akakita tenga, akatia mkono, akatoa kambale mrefu kama mkono wake mpaka begani, akamwinua juu huku anamwita mumewe kwa jina lake la utotoni, ambalo alikuwa kamkataza kulitaja hadharani. Waliochomwa miiba walilia, waliolia walichekwa. Perege walikuwepo pia, wanene, tuliodhani wameisha. Wanaume waliokuja kutazama walivua mashati wakayafanya matenga. Hata yule mwenyekiti wa Handeni nilimwona kakunja suruali mpaka magotini, yuko majini, na kwa hesabu yangu alikuwa amekwishavuka mpaka yuko Korogwe.

Ng'ombe walitokea ng'ambo wanang'aa, wametulia. Pale ndipo palipokuwa na shamba la nyanya. Lakini mkulima mwenyewe alikuwa amekwishatangulia, amesimama kwenye kona ya shamba lake na tawi mkononi, anawapitisha pembeni mmoja mmoja, anawasemesha polepole kama wa kwake. "Haya mama, pita. Pita huku." Nadhani hakutaka kutazamwa. Nikageuza uso.

Jioni moshi ulipanda pande zote mbili za ziwa. Kila nyumba ilikaanga, na zilizobakiwa zikakausha. Na maji, yalipotulia, tuliona kioo ambacho tulikuwa hatujakiona miaka mingi. Palipokuwa na matete sasa palikuwa na anga.

Mkutano mkuu ulifanyika pale pale uwanjani, ramani ya majivu ikachorwa upya, na nikaitandaza kanga yangu. Wataalamu wakauliza kuhusu njia ya ng'ombe. Mkulima wa nyanya akasimama. Akachukua fimbo, akafuta sehemu ya mstari wake kwa unyayo, pale Kwandama na pale ng'ambo ng'ombe walipotokea. Akasema, "Mlango ubaki. Lakini na shamba langu liwekewe uzio, na hao vijana wa maboma wanisaidie kukata miti." Kijana mmoja wa Mama Maziwa akadakia, "Hata kesho, baba." Na wenyeviti wote wawili, sasa wamekaa meza moja, wakasema kwa pamoja kwamba jambo hili kila mmoja wao aliliunga mkono tangu mwanzo.

Walipoambiwa wanaokubali wanyooshe mikono, iliinuka kama mpunga. Nilikuwa nimekaa katikati yao, na nawaambieni, ile mikono ilikuwa bado inanuka kambale.

Mama Maziwa alikuwa kando yangu. Hakunyoosha mkono mmoja, alinyoosha yote miwili, akaambiwa anahesabiwa mmoja tu, akakataa kushusha. Baadaye tulitembea taratibu mpaka Kwandama, tukakaa pale kwato zilipoponda mchanga. Nilikuwa nimemfungia kipande cha kambale aliyekauka vizuri, nikamwambia, sasa umekuwa mtu wa ziwa hili moja kwa moja, onja basi.

Akakitazama kile kipande. Akakinusa. Akanirudishia.

"Mama Samaki," akasema, "hapa nitakaa mpaka nife, na nitazikwa pale kwa mume wangu, na wewe utakuja kunisalimia kila asubuhi. Lakini nyoka wako sili."